Sensa ya Mmoja Mmoja

Anayetaka kubisha angoje mwisho. Ipo nchi iitwayo Chembeni, na Domitila wa Ujiji aliishi humo siku kumi na moja. Namna alivyofika ni habari za miguu, tuiachie miguu. Alifika akiwa na fuko la nguo, miche mitatu ya sabuni aliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya mawese, na kovu lililozunguka kifundo cha mkono wake wa kulia kama bangili ambayo hakuiomba. Kovu hilo alipewa na kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, miaka ishirini na miwili nyuma, alipojifundisha kupika sabuni bila mwalimu. Akiulizwa alisoma wapi, huonyesha kifundo.

Wakazi wa Chembeni ni watu kama sisi, isipokuwa mikono. Kila ukoo una idadi yake ya mikono na haibadiliki. Haidrojeni wana mkono mmoja. Oksijeni wana miwili. Naitrojeni wana mitatu. Kaboni wana minne, na ndiyo maana mtaa wao haukosi ujenzi, kila mmoja kamshika huyu na yule na wa tatu na wa nne. Mkono wa Chembeni usioshika kitu unauma. Si maumivu ya kulalamikia kibarazani. Mwenye mkono mtupu hukimbia ovyo, huparamia watu, hushika chochote kilicho karibu. Kwa hiyo mkazi aliye peke yake, ambaye kwao huitwa atomi, ni nadra kukutana naye njiani. Utakaokutana nao ni walioshikana, wawili, watatu, hata mamia, na kila kundi lililoshikana hivyo huitwa molekuli.

Jambo la pili lilimchukua muda kulielewa, kwa hiyo na mimi nitalisema polepole. Wakazi hao wakishikana hawabaki walivyokuwa. Wanapata jina jipya, sauti moja, na tabia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuja nayo. Ukiwasalimia, anayejibu ni mmoja. Na idadi nayo ina maneno yake. Kaboni mmoja akishikwa na Oksijeni wawili, huyo ni jirani wa kawaida. Ndiye anayetoka puani mwetu kila tunaposhusha pumzi, na miti inampenda. Kaboni huyohuyo akishikwa na Oksijeni mmoja tu, anatokea mpangaji mkimya asiye na harufu wala rangi, na wapo waliolala naye chumbani, milango imefungwa, jiko la mkaa likiwa bado na makaa, ambao hawakuamka. Koo ni zilezile mbili. Aliyepungua ni mmoja.

Domitila alikaribishwa katika nyumba ya mwanzo ya mtaa wa Kaboni. Mlangoni walisimama watu watatu. Katikati alikuwa Oksijeni, mpana wa mabega, na kila upande Haidrojeni mmoja mwembamba. Hawakusimama kwa mstari ulionyooka. Walijipinda, kama kiwiko cha mtu anayefikiria kukunja mkono.

"Lete mkono, mama," walisema, na sauti ilikuwa moja.

"Nani kakwambia unauma?"

"Unautazama kama mtu anavyomtazama mke mwenza."

Domitila alicheka, akaunyoosha. Kitu cha baridi kikapita juu ya kovu, na mwasho uliomsumbua njia nzima ukatulia.

"Sasa nimshukuru nani?" aliuliza. "Wewe bonge wa katikati, au hawa njiti wa pembeni?"

"Pembeni ya nani?"

"Usinizungushe. Naona vichwa vitatu."

"Vichwa ni vitatu, ndiyo. Aliyekushika mkono ni mimi. Naitwa Maji."

Walikaa barazani mpaka jua likapungua ukali, na Domitila, ambaye hakuzoea kushindwa kwa maneno, akaendelea kuchokoa. Alitaka kujua Maji alirithi nini kutoka kwa watatu wake.

"Nasikia kabla yangu walikuwepo watatu," Maji alisema. "Wawili walikuwa wepesi, na wakikutana na cheche wanawaka. Wa katikati hakuwaka mwenyewe, ila alikuwa hawezi kuona moto bila kuuchochea. Mimi kazi yangu kuzima moto. Huo urithi sijui uko mfuko gani."

"Ndoa za watu zina mambo," Domitila alisema.

"Wewe mwenyewe unapika sabuni. Unaniuliza mimi?"

Neno hilo lilikuwa kweli, na alikuwa nalo nyumbani miaka yote bila kulitazama.

Siku zilizofuata aliona ile kazi. Mtaa wa Kaboni ulishika moto mara tatu katika siku tano, na kila mara watu walipiga kelele jina moja tu, na kutoka kila kichochoro Maji alikuja, nyumba kwa nyumba, maelfu waliojipinda vilevile, wakaulalia moto mpaka ukakoma. Kisha wakarudi majumbani. Hakuna aliyewashangilia. Ilikuwa kazi ya kila siku.

Walioitawala Chembeni hawakutoka katika koo hizo. Wanaitwa Wakamilifu. Hao huzaliwa mikono imekunjwa kifuani, na haikunjuki maisha yao yote. Hawaumwi na mkono mtupu, hawamtafuti mtu, na hawajui kushikwa. Hilo si kosa lao, ndivyo walivyoumbwa. Kosa lao lilikuwa kuwaandikia wengine sheria.

Spika wao, Mkamilifu Heliamu, alikuwa mwepesi kiasi kwamba kiti chake kilifungwa kamba sakafuni na yeye akafungwa kamba kitini. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na wananchi walishajifunza kutazama chini anapohutubia, wasionekane wakicheka. Mkamilifu Neoni alikuwa mpole, lakini akipitiwa na umeme aling'aa rangi ya chungwa, kwa hiyo wenzake walimpa wizara ya matangazo. Mwanasheria alikuwa Mkamilifu Agoni, na huyo hakuwa na chochote cha kuchekesha.

Mwaka huo walikuwa wametunga Sheria ya Mmoja Mmoja. Kifungu cha kwanza kilisema mkazi ni atomi. Cha pili kilisema molekuli ni atomi kadhaa zilizosimama karibu. Cha tatu kilisema kilicho na watatu ni watatu. Na kwa kuwa daftari la sensa halikuwa na mkazi aitwaye Maji, wote waliojiita Maji walikuwa wanatumia jina la uongo, na adhabu ya jina la uongo ni kutenganishwa. Walikosa kitu kimoja tu, shahidi asiye na ukoo.

Barua ya wito ililetwa na makarani wa sensa siku ya sita. Makarani hao walikuwa Naitrojeni wawili walioshikana mikono yote mitatu kwa mitatu, kwa nguvu ambayo Chembeni nzima haijaona mfano wake. Kwa kuwa hawakubaki na mkono wa kuandikia, kalamu waliibana kwa meno, wakipokezana. Katika kila watu watano unaopishana nao katika hewa ya nchi ile, wanne ni wa ukoo wao, nao wote huenda wawili wawili namna hiyo. Domitila aliwatazama mikono, kisha akaitazama barua.

"Mnatumwa kutangaza kwamba kushikana si kitu," alisema. "Na nyinyi je?"

Karani mmoja alimpokeza mwenzake kalamu, mdomo kwa mdomo. "Walijaribu kututenganisha, mama. Ikashindikana. Basi tukaandikwa wawili, tukaachwa."

"Na nyinyi mnasemaje?"

"Sisi tunaandika."

Siku ya saba ukumbi wa mahakama ulijaa. Mbele, kila upande wa kizimba, ilisimikwa fimbo ya chuma, na kutoka kila fimbo waya ulipita sakafuni mpaka kwenye betri ya serikali. Maji alisimama katikati. Alikuwa amevua viatu, kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni asitake kuchafua.

"Mama," Mkamilifu Agoni alianza, "wewe hapa huna ukoo. Macho yako hayana upande. Siku ulipoingia nchini, walikukaribisha watu wangapi?"

"Mheshimiwa, naomba nieleze kidogo..."

"Sikuomba maelezo. Nimeomba hesabu."

"Hesabu yenyewe bila maelezo..."

"Mama." Agoni hakupandisha sauti. "Na wewe nimekutazama. Ndani yako nawaona Kaboni, Haidrojeni, Oksijeni, Naitrojeni pia wamo. Hao wanaojiita Maji peke yao ni zaidi ya nusu yako. Kwa jicho la sheria wewe si mtu, wewe ni umati uliovaa kitenge. Unapenda tukuhesabu?"

Domitila alizitazama zile fimbo. Alikuwa mwanamke aliyeunguzwa na kostiki, aliyezika mume, aliyewahi kufukuza mwizi kwa mwiko wa moto. Hakuwahi kudhani kwamba angeweza kuogopa kuhesabiwa. Aliwaza yeye mwenyewe akiwa amepangwa katika mistari, huku Kaboni, kule Haidrojeni, kila kitu chake kikiwepo na yeye hayupo.

Vichwa vilikuwa vitatu. Hakuwa anadanganya. Alijiambia hivyo mara mbili kabla ya kufungua kinywa.

"Watatu," alisema.

"Rudia, makarani waandike."

"Watatu."

Maji alimtazama tu, kwa macho sita, mtazamo mmoja.

Kisha betri ikaunganishwa. Haidrojeni walivutwa kwenye fimbo ya kushoto, Oksijeni akavutwa kwenye ya kulia, na mikono ikaachana. Hapakuwa na damu. Hakuna aliyekufa, na hilo ndilo Agoni alilolitangaza kwa umma: watatu waliingia, watatu wametoka, hakuna aliyepotea. Ilikuwa kweli tupu. Domitila alitafuta ukumbi mzima, na yule aliyemshika mkono hakumwona.

Siku hiyo na siku iliyofuata, kwa mujibu wa ushahidi wa mama mgeni, Maji wote wa Chembeni walipitishwa kati ya zile fimbo. Walipanga foleni wenyewe. Neoni aling'aa juu ya lango la mahakama akitangaza kwamba mtaa wa Kaboni usiwe na wasiwasi, kwani wakazi waliotenganishwa watawekwa katika tangi moja kubwa juu ya mtaa, Haidrojeni wawili kwa kila Oksijeni mmoja, vilevile walivyokuwa. Wakitakiwa kuzima moto, watakuwa palepale. Hakuna hata mmoja aliyepunguzwa.

Siku ya tisa Baraza la Wakamilifu lilikutana, maana palikuwa na tatizo tangini.

"Mheshimiwa Spika," alisema Neoni, "hawakusimama mmoja mmoja. Haidrojeni wameshikana wawili wawili. Oksijeni nao wawili wawili, mikono yote miwili."

"Wa koo tofauti?" Heliamu aliuliza kutoka juu ya kamba yake.

"Ukoo mmoja kwa mmoja, mheshimiwa."

"Basi hapo hakuna molekuli. Molekuli ni mchanganyiko wa koo."

Karani mmoja alimpokeza mwenzake kalamu kwa meno. "Samahani, mheshimiwa. Walioshikana ni molekuli hata wakiwa wa ukoo mmoja. Tukisema si molekuli, itabidi..." Aliitazama mikono yake, akaishia hapo.

"Itabidi nini, karani?"

"Hakuna, mheshimiwa. Naandika."

Walijadili mpaka adhuhuri. Mwisho walipitisha kwamba wale wa tangini waandikwe kuwa ni atomi zilizosimama karibu sana. Neno "sana" lilipigiwa kura peke yake.

Hapo ndipo Domitila aliposimama kwenye viti vya wageni. Mkononi alikuwa na mche wa sabuni.

"Naomba kufuta ushahidi wangu," alisema. "Nilihesabu vichwa. Aliyenikaribisha sikumhesabu."

"Ushahidi umeshafungwa," Agoni alisema.

"Basi niuzieni dakika moja kama mteja." Aliuinua ule mche. "Hii ni sabuni. Naipika kwa mawese na kostiki. Mawese ukiyamwaga kwenye nguo nyeupe, nguo imekwenda. Kostiki ukiigusa, ngozi imekwenda. Vikikamatana sawasawa, unapata kitu cha kumwogeshea mtoto wa siku saba. Sasa mimi nikiweka ndoo ya mawese huku na ndoo ya kostiki kule, nikawaambia wateja waje wanunue sabuni, mtanifunga, na mtakuwa na haki."

"Kwa hiyo unakiri kwamba sabuni ni vitu viwili."

"Vilikuwa viwili."

"Daftari halina safu ya vilivyokuwa, mama."

Domitila alipandisha mkono wa gauni. "Tazama hapa, mheshimiwa. Mwaka ule nilisema vilevile kama wewe. Nilisema kostiki ni nusu ya sabuni, nikachovya mkono." Kovu lilikuwa jekundu, tangu Maji aondoke halikutulia. "Hii ndiyo nusu ya sabuni."

Heliamu aliinama kutoka juu ya kamba yake alione.

"Na hilo tangi," Domitila aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mmeweka wawili wepesi wa kuwaka na mmoja mchochezi, mmewapandisha juu ya mtaa wa Kaboni. Moto ukitokea, mtafungua bomba?"

"Ndiyo kazi ya bomba."

"Basi siku hiyo mnitangulize mimi, maana nimechangia."

Agoni alimtazama kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuhitaji mkono wa mwenzake. Wala hakukasirika. Alisema shukrani za Baraza zimfikie mgeni, akafunga kikao.

Moto ulishika mtaa wa Kaboni siku iliyofuata, saa saba mchana. Ulianzia kwenye kibanda cha mwisho wa kichochoro, kama ulivyoanza mara zote. Watu wakapiga kelele lile jina walilolizoea, na kwa mara ya kwanza hakuna kichochoro kilichojibu. Wakaita tena. Ilikuwa vigumu kuwasikiliza.

Maofisa walikuja na bomba refu kutoka tangini, wakalikokota kupita katikati ya watu. Domitila alikuwa amewatangulia. Alikwenda mlango kwa mlango, kitenge amekifunga kiunoni.

"Tokeni. Shukeni bondeni, mkafike mbali na hilo bomba. Laleni chini, msiulize."

Wengine walimfuata. Kwenye nyumba moja bibi wa Kaboni, mikono yake minne imeshika wajukuu wanne, alikataa kuinuka.

"Tangi limejaa, binti yangu. Tumeandikiwa barua, lina mhuri."

"Limejaa watu, bibi. Maji hayumo."

"Mhuri naujua. Wewe sikujui."

"Mimi ndiye yule shahidi, bibi. Hiyo barua imeandikwa kwa mdomo wangu. Nakuomba uinuke."

Bibi alimtazama kwa muda ambao haukuwepo. Kisha akainuka, wajukuu wakainuka naye, na Domitila akawasukuma kuteremka. Nyumba ya jirani hawakufungua.

Nyuma yao ofisa mmoja alifungua koki. Kilichotoka hakikuonekana kwa macho. Kilisikika kikifoka kuelekea motoni, Haidrojeni wawili kwa kila Oksijeni mmoja, vilevile kama sheria ilivyotaka.

Walioko bondeni walihisi ardhi ikiwapiga tumboni kabla hawajasikia mlio. Tangi halikuonekana tena. Paa za mtaa mzima ziliondoka pamoja. Baada ya hapo Domitila hakusikia chochote kwa muda, akalala na uso mavumbini, mkono wenye kovu umenyooshwa mbele, akingoja kujua kama yeye bado ni mmoja.

Kitu cha baridi kikamdondokea kifundoni.

Kisha kingine, shingoni. Akafungua macho. Kutoka katika lile wingu lililobaki mahali pa tangi, wengi walikuwa wanashuka, maelfu kwa maelfu, watatu watatu, kila watatu wamejipinda kama kiwiko. Walishuka juu ya bibi na wajukuu, juu ya maofisa waliotupwa huku na huku, juu ya vibanda vilivyokuwa vikiwaka. Moto ukakoma. Ukakoma kabisa, huku mtaa nusu ukiwa hauko.

Kaboni ambao hawakufungua milango walikuwa wameondoka na moshi, kila mmoja ameshikwa na Oksijeni wawili, na upepo uliwachukua kuelekea msituni. Miti iliwapokea. Ni faraja ndogo, naisema jinsi ilivyo. Wakamilifu waliokuja kutazama bomba likifunguliwa, hakuna aliyepata hata alama. Moto ulipita kati yao kama unavyopita kando ya ukuta wa mawe, nao wakatoka vumbini mikono imekunjwa kifuani, kama walivyoingia.

Mbele ya Domitila walisimama watatu. Alitafuta bonge wake na njiti zake. Huenda walikuwa haohao. Huenda bonge yuko mtaa wa pili ameshikwa na wengine, na zile njiti zimetawanyika katika nyumba mbili tofauti. Wa ukoo mmoja hufanana mno, hakuweza kujua.

"Lete mkono, mama," walisema.

Sauti ilikuwa ileile. Hapakuwa na tofauti hata ya upana wa unywele.

"Unanikumbuka?" Domitila aliuliza.

"Nikukumbuke wapi? Nimezaliwa sasa hivi. Ila mkono unakuuma, maana unautazama kama..."

"Kama mke mwenza," Domitila alimaliza.

"Hivyohivyo."

Maji akapita juu ya kovu, na mwasho ukatulia. Domitila alikuwa amepanga maneno tangu siku ile ya mahakamani. Aliyasema yote, pale mavumbini ambapo sasa palikuwa tope: kwamba yeye ndiye aliyesema watatu, kwamba aliogopa, kwamba alijua huku akisema.

"Watatu gani?" Maji aliuliza, kwa upole kabisa.

Alitaka kusamehewa, na hapakuwa na wa kumsamehe. Yule aliyemkosea hakuwepo, na huyu aliyekuwepo hakukosewa. Palikuwa na Maji tu, akifanya kazi yake juu ya mkono wake, bila kuuliza ni mkono wa nani. Domitila alilia kidogo. Machozi nayo yalikuwa Maji, kwa sehemu kubwa, lakini hilo hakulisema.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja alifunga fuko lake. Wale makarani wa sensa walimkuta mlangoni. Nyuma yao alisimama Mkamilifu Agoni, mkavu, pamoja na kwamba mtaa mzima ulikuwa umelowa.

"Daftari la mwanzo limelowa, mama," karani alisema. "Tunaanza upya. Utaratibu ni uleule. Aliyekushika mkono jana, walikuwa wangapi?"

"Mama ajibu kwa uangalifu," Agoni alisema. "Ile betri haikuharibika."

Domitila aliweka fuko chini.

"Mmoja," alisema. "Mwandikeni kwa jina lake, Maji. Na mimi pia mmoja, Domitila wa Ujiji, kitenge na vilivyomo. Mkitaka kunihesabu nihesabuni, mimi nitakuwa nimeshajibu."

Agoni aligeuka kuwaamuru makarani, na hapo aliona wanaandika.

Waliandika Maji, mmoja. Wakaandika Domitila, mmoja. Kisha, badala ya kufunga daftari, wakarudi ukurasa wa kwanza, ule ambao makarani hujiandika wenyewe kabla ya kuwaandika wengine. Ile kalamu ikapita kinywa hadi kinywa, polepole, kwa mate mengi, juu ya mahali palipoandikwa Naitrojeni, wawili. Wakapiga mstari. Wakaandika upya.

"Mnaandika nini hapo?" Agoni aliuliza.

Karani aliendelea kuandika. Alikuwa na kalamu mdomoni.